Viraba Tisa vya Bi Mwanamisi

Asubuhi niliyotoka Ukunda sikuwa na mpango. Niliamka, nikakunja shuka, nikamwambia mwenzangu wa chumba kwamba naenda kununua sabuni, nikatoka na mfuko mmoja begani. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyeniudhi. Nilikuwa na kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani, na siku ile nilisimama kando ya barabara nikaona gari la wafanyakazi linakuja, miguu yangu ikavuka ikaenda upande wa pili, upande wa magari yanayoelekea kusini. Ndivyo nilivyokuwa. Shule niliiacha darasa la sita kwa namna hiyo hiyo, siku moja nilipoona lango liko wazi. Lori la miwa lilinisimamia. Dereva akaniuliza, "Unashuka wapi?" Nikamjibu, "Utakaposimama." Alicheka mpaka akakohoa. Alisimama Msambweni kununua viazi karai, nami nikashuka.

Nimeikumbuka asubuhi hiyo kwa sababu mwezi uliopita nilirudi Msambweni, baada ya miaka ishirini na zaidi, kwenye matanga ya Bi Mwanamisi Omari. Nilifika siku ya tatu, hitima imekwisha kusomwa na masinia yanaoshwa uani. Mpwa wake Zainabu, ambaye nilimwacha bibi harusi na sasa ni mama mtu mzima mwenye miwani, aliniketisha ukumbini, pale pale shangazi yake alipokuwa akitandika mkeka wake, akanimiminia kahawa. Kisha akaingia ndani akatoka na vitabu viwili. Zilikuwa kamusi mbili za aina moja. Ya kwanza ilikuwa imechakaa, jalada limeshonwa kwa uzi mnene, na pembezoni mwa kila ukurasa mlijaa maandishi madogo ya herufi za Kiarabu. Ya pili ilikuwa bado imefungwa kwa karatasi ya kaki, haijafunguliwa tangu itoke posta, na juu yake limeandikwa jina langu. "Hii alisema ni ya kwako," Zainabu aliniambia. "Kila tukisafisha sanduku anauliza, ya Nyanje ipo? Haya, ichukue, sanduku lipumue." Niliipokea na sikuweza kuifungua mbele yake. Hata leo sijaifungua. Iko hapa mezani ninapoandika, na kila nikiitazama naurudia mwaka ule mmoja, ambao ndio mwaka pekee wa ujana wangu niliolala kitanda kimoja tangu mwanzo wake mpaka karibu na mwisho.

Dereva alipoondoka na lori lake nilitafuta kivuli, nikaketi kwenye baraza ya nyumba moja ya mawe yenye pazia la kijani mlangoni, nikafungua viazi vyangu. Vilikuwa vimefungwa kwa kipande cha gazeti, na kwenye kipande hicho palikuwa na fumbo la maneno, lile la viraba vyeupe na vyeusi, lenye madoa ya mafuta. Mimi husoma kwa sauti. Walimu hawakupata muda wa kunifundisha kusoma kimya. Basi nikasoma huku natafuna: "Chombo cha ukindu cha kuchujia tui. Viraba saba." Nikajiambia, chujio. Nikahesabu kwa kidole, sita. Nikahesabu tena, sita.

"Kifumbu," sauti ya mwanamke ikasema nyuma ya pazia.

Nikahesabu. Saba. Nikaligeukia pazia, nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Soma jingine."

Nikasoma jingine: wali ulioshika chini ya chungu. "Ukoko," likajibu pazia, hata sijamaliza. Nikasoma la tatu, siku saba za maharusi kukaa ndani. "Fungate. Hayo ni mepesi, wametoa ya watoto. Huna magumu?" Nikasoma moja nililolijua, mji wa Zambia wenye viraba vitano, nikasubiri. Pazia likanyamaza. "Ndola," nikasema. Hapo ndipo lilipofunguliwa. Alikuwa mama wa makamo ya uzee, mfupi, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, mikono ina unga wa machicha. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Umejuaje?" "Nilimsikia mtu wa malori." "Na umesoma mpaka wapi, mwanangu?" Nikasema, "Kidato cha nne, bibi." Uongo ule ulinitoka mdomo umejaa kiazi. Sikuupanga. Lakini ulipokwisha kutoka niliona uso wake umetulia, nikauacha palepale.

Nilipewa chumba cha uani. Zamani kilikuwa cha kuwekea makuti, na kilinukia makuti mpaka siku niliyoondoka. Masharti yalikuwa matatu: niteke maji, nisiingie na viatu ukumbini, na nimsomee gazeti kila siku. Kazi ya kutwa nilipata palepale mtaani, kufua nazi. Nilikuwa nachomeka kifuo ardhini na kuambua makumbi tangu alfajiri, na ilipofika saa nne mikono yangu ilikuwa imechoka na kichwa hakijaanza kazi. Saa nne ndiyo saa gazeti lilipofika.

Bi Mwanamisi alikuwa msomi, jambo hili nilichelewa kulielewa. Alisoma chuo cha Kurani utotoni, akaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu haraka kuliko nilivyoweza kuandika kwa herufi zangu. Barua za mtaa mzima ziliwahi kupita mkononi mwake. Alikuwa na madaftari sandukuni yaliyojaa maneno, kila neno jipya alilolisikia kwa watu wa Vanga, wa Gazi, wa Lunga Lunga, ameliandika na maana yake. Ila herufi za gazeti hakufundishwa. Mumewe, Mzee Bakari, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla sijafika, alikuwa karani na alizijua vizuri. Basi kwa miaka arubaini walifanya hivi: mume anasoma swali, mke anajibu, mume anaandika. "Mwanzo tulibishana," aliniambia. "Nikimwambia kifumbu ni herufi nne, ananiambia saba. Kumbe nyinyi hata irabu mnazipa nyumba zake. Gazeti lenu lina ubadhirifu."

Njia yao ya kufanya fumbo sijaiona mahali pengine popote, na nimepita mahali pengi. Bi Mwanamisi aliketi mkekani miguu imenyooka, uteo mapajani, na juu ya uteo kunde za chakula cha mchana ambazo hazijachaguliwa. Nikisoma swali, anauliza, "Vingapi?" Nikisema vitano, anapanga kunde tano mstari mmoja. Anauliza, "Kuna tunachokijua?" Nikisema la tatu ni N, anaitoa kunde ya tatu na kuweka choroko mahali pake, anasema, "Nun." Neno la wima likilikata la mlalo, mistari ya kunde nayo inakatana. Baada ya saa moja uteo wote ulikuwa fumbo, kunde na choroko, nami ninajaza karatasi kwa kalamu. Tukimaliza, anapitisha kiganja, mistari inafutika, anapepeta takataka, anaosha, anabandika jikoni na tui zito. Tulikuwa tunakula maswali tuliyoyajibu. Mpaka leo nikila kunde za nazi mahali popote huwa nazihesabu kidogo kabla ya kutia kijiko, na watu hudhani natafuta mawe.

Nilijifunza mengi mwaka ule kuliko miaka yote sita ya shule, na nilijifunza kwa sababu hakuna aliyekuwa na haraka. Alinifundisha alifu, be, te. Alinifundisha kwamba neno likikataa usilisukume, uende ukajaze yaliyo jirani nalo, litalainika. Mimi nilimletea miji, mito, wachezaji wa mpira na majina ya mashine. "Wewe una barabara kichwani," alikuwa akisema. "Na bibi je?" "Mimi nina jiko. Jiko ni kubwa kuliko unavyodhani." Siku moja aliniomba nimwonyeshe jina lake linavyokaa kwenye viraba. Nikapanga kunde kwa umbo la herufi, mojamoja, mpaka MWANAMISI ikajaza uteo kutoka ukingo hadi ukingo. Alilitazama kwa muda mrefu. "Hii ya mwanzo ni milima miwili." "Ndiyo, hiyo ni M." "Na hii inayofuata ni hiyo hiyo imepinduliwa." "Ndiyo." "Na milima imerudi tena hapa katikati." Akahesabu kwa ncha ya kidole bila kuzigusa kunde. "Viraba tisa. Jina langu lina viraba tisa, na miaka yote hii sijui." Siku ile chakula kilichelewa, kwa sababu hakutaka kulifuta.

Nje kulikuwa na upande wa pili wa mambo haya, nao ulikuwa kwa Sudi kinyozi, kwenye njia ya hospitali. Mbele ya duka lake palikuwa na benchi mbili. Gazeti moja lililetwa pale, wanaume sita au saba wakalizunguka kama sinia. Siasa waliisoma upesi, mpira wakaubishania, kisha wakaligeukia fumbo. Juu ya kioo ilining'inia picha ya Mzee Bakari, kofia kichwani, kalamu mfukoni. "Yule alikuwa kamusi inayotembea," Sudi aliniambia mara ya kwanza aliponinyoa. "Tukikwama tunampa karatasi. Anaikunja anasema, nipeni mpaka baada ya adhuhuri. Anakwenda kuswali, anakwenda kula, akirudi fumbo limejaa."

"Hakuwahi kujibu asubuhi?" nikauliza.

"Asubuhi? Aka! Akili yake haikuwa ikifunguka kabla ya kula. Tulikuwa tukimwambia, mkeo akisafiri wewe utakuwa mjinga kama sisi."

Benchi zote mbili zikacheka. Nami nikacheka, wembe ukanikwaruza sikioni, maana nilikuwa nimekwisha kukaa siku tatu katika nyumba ile na nilijua akili wanayoisema ilikuwa inakaa wapi. Ningeweza kusema palepale. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni, nami niliona si kazi yangu kumvua marehemu kofia mbele ya rafiki zake. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Baada ya wiki mbili Sudi alinipa ile karatasi, wamekwama, akaniuliza kwa mzaha kama nitaweza. Nikaikunja. Nikasema, "Nipeni mpaka baada ya adhuhuri." Sijui kilichonituma kuyasema maneno yale yale. Niliporudi nayo imejaa, Njoroge, kijana wa bara aliyekuwa akitengeneza simu dirisha la pili, alipiga meza. "Huyu msee ni moto! Form four ya kitambo hiyo, si hizi za siku hizi." Sudi alifuta miwani, akasoma jibu moja baada ya jingine. "Lakini hicho chakula cha Bi Mwanamisi kina nini?" akasema. "Kila anayekila anakuwa bingwa." Walicheka tena. Jibu walikuwa wamelishika mkononi, wakalicheka, wakaliacha. Tangu siku ile waliniita Mwalimu.

Mtu aliyeacha shule darasa la sita akiitwa Mwalimu na watu wazima, kila siku, barabarani, mbele ya wapita njia, kuna kitu kinachomwota mgongoni. Nilianza kutembea polepole. Nilianza kuweka kalamu mfuko wa shati. Bi Mwanamisi aliiona kalamu ile akatabasamu upande mmoja, kama mtu anayemkumbuka mtu.

Fumbo la Jumamosi lilikuwa kubwa kuliko ya siku nyingine, nalo lilikuwa na zawadi. Ulijaza, ukakata ukurasa kwa mkasi, ukaandika jina na anwani kwenye mstari uliokuwa chini, ukapeleka posta. Watakaobahatika walitumiwa kamusi, na majina yao yakachapishwa gazetini kwa herufi kubwa. Tulikuwa tukiyajibu hayo kama mengine na kuyaacha, mpaka Jumamosi moja, tumemaliza la mwisho na choroko ziko mahali pake, aliniambia huku anatazama uteo, "Safari hii lipeleke posta." Nikasema sawa. "Na uniandike mimi." Aliongeza upesi, kana kwamba ameomba kitu kikubwa mno, "Nataka kuliona likiwa gazetini. Viraba tisa vyangu. Nikiliona mara moja inatosha." Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kabla. "Nasikia picha ya marehemu iko kwa kinyozi. Ni vizuri. Lakini Nyanje, mimi nami nilikuwapo."

Nilikwenda posta na mkasi. Kwenye mstari wa jina niliandika Nyanje Mwero. Anwani niliweka ya duka la Sudi. Sitasema mkono uliteleza. Nilijiambia kwamba yeye hana simu wala sanduku la posta, kwamba kamusi ikija nitampa, kwamba wanaobahatika ni wachache na jina lenyewe halitatoka. Chini ya hayo yote nilikuwa naiona benchi ya Sudi wakilisoma jina langu kwa sauti. Niliiona vizuri kabisa, nikabandika stempu.

Wiki kadhaa zikapita. Jumamosi moja nikatokea kwenye njia ya hospitali nikasikia kelele kabla sijafika. Sudi alikuwa amesimama juu ya benchi na gazeti, mteja wake amenyolewa nusu ya kichwa, naye anashangilia pia. "Nyanje Mwero, Msambweni! Msambweni imetajwa!" Njoroge alinibeba mabegani akazunguka nami mara mbili. Sudi alitaka kulikata jina papo hapo alibandike chini ya picha ya Mzee Bakari. Nikamzuia, nikasema, "Ngoja nimalize fumbo la leo kwanza," kwa kuwa la zawadi lilikuwa ukurasa uo huo, nikaondoka na gazeti. Ni hatua mia mbili kutoka pale hadi kwenye pazia la kijani. Nilizitembea zote bila kuamua nitasema nini.

Aliketi kama kawaida, uteo mapajani. Nilimsomea maswali haraka, naye akayajibu haraka, siku ile alikuwa na furaha ya namna yake, alijibu hata mto mmoja. Tukafika mahali pamebaki neno moja tu. "Jukwaa la mlinzi shambani. Vitano." Alipanga kunde tano. "Ulingo," akasema. Nikahesabu. "Ulingo ni sita, bibi." Alizitazama kunde zake. "Basi wana jina jingine huko mashambani. Liache, litakuja." Kisha akafuta mikono kwa kanga. "Na majina? Leo si wanatoa majina? Tafuta."

Ningeweza kusoma yaliyoandikwa. Yalikuwa majina matatu tu. Badala yake niliweka kidole juu ya jina langu, nikamgeuzia ukurasa, nikasema, "Liko hapa, bibi. Mwanamisi Omari, Msambweni." Nilimdhania hasomi. Nilisahau kwamba herufi za jina lake nilimwonyesha mwenyewe, kwa kunde; kuku niliyemfungulia kibanda alikuwa amekwisha kutoka. Alilishika gazeti kwa mikono miwili, akalisogeza karibu, akalipeleka mbali, akaweka ncha ya kidole chake pale nilipotoa changu.

"Hili linaanza na nun," alisema. "Milima naiona kwenye neno la pili. Langu milima iko mbele."

Alinigeuzia gazeti.

"Ni la nani?"

"Ni la kwangu, bibi."

Aliokota jiwe dogo katikati ya kunde, akalitupa uani. Akaokota jingine. "Bakari alitoka na maneno yangu miaka arubaini," alisema, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu anayehesabu. "Simlaumu. Sikuwahi kumwomba kitu, naye hakuwahi kufikiri. Wewe nilikuomba." Ndiyo yote aliyosema. Alipitisha kiganja juu ya uteo, fumbo likafutika, akaenda kuosha kunde. Tulikula pamoja kama siku zote. Sahani yangu ilipokaribia kwisha aliniambia, "Ongeza mchuzi." Nimewahi kutukanwa na wasimamizi wa kazi, nimewahi kufukuzwa na mbwa, na hakuna lililonipata kama ile "ongeza mchuzi". Tulipomaliza alinisukumia gazeti kwa mgongo wa mkono. "Chukua karatasi yako."

Asubuhi alikuwa ameswali na amerudi kulala, au alifanya kama amelala. Niliweka ndoo mbili za maji zilizojaa mlangoni kwake, nikasimama mbele ya pazia kidogo, nikaondoka. Kwa Sudi walikuwa ndiyo kwanza wanafungua. "Mwalimu, wapi na mfuko?" "Nafika Kikoneni mara moja." "Usikawie, tutakwama." Neno lilikuwa mdomoni, lilikuwa fupi: ni Bi Mwanamisi. Nililimeza nikapita. Nimeacha miji mingi maishani na mara zote niliacha kwa sababu ya mbele. Msambweni pekee niliiacha kwa sababu ya nyuma.

Yaliyofuata nimeyajua mwezi uliopita tu, kwa kinywa cha Zainabu, kahawa ikipoa. Aliniambia Jumamosi moja, miezi baada ya mimi kuondoka, walisikia hodi mlangoni, hodi ya wanaume wengi. Alikuwa Sudi na gazeti lenye majina ya washindi, na benchi nzima nyuma yake, wamevaa kanzu kama waliokuja kuposa. Bi Mwanamisi aliwaweka nje mpaka alipomaliza kukuna nazi. Kisha akatoka, akaomba gazeti, na kabla Sudi hajafungua mdomo akaweka kidole mahali penyewe. "Hili ndilo," akasema. Sudi akamwuliza, "Kwa hivyo wakati wote ule, bibi, ilikuwa wewe?" Akamjibu, "Mlikuwa mkisema wenyewe kwamba ni chakula." Baada ya hapo walikuwa wakimletea fumbo wenyewe, asubuhi, mpaka kwenye baraza, na kamusi yake ilipokuja (ya kwangu alikuwa ameiweka sandukuni tangu Sudi alipomletea) waliisoma kwa zamu naye anasikiliza, mahali ilipokosea akaandika pembeni. "Lakini hakuwahi kutuambia nani alituma," Zainabu alisema. "Alisema yeye hakupeleka posta." Alinitazama juu ya miwani. Nikamwambia.

Nilifika Kikoneni alasiri, vumbi jekundu mpaka magotini. Niliulizia mahali pa kulala nikaonyeshwa kwa Mama Kadzo, mwenye vyumba vitatu vya udongo vilivyoezekwa mabati, nyuma yake shamba la mahindi. Alikuwa anapukuchua mahindi makavu kwenye beseni. "Chumba kipo," alisema, "ila ufunguo anao mume wangu, naye yuko dunguni. Keti umngoje."

"Yuko wapi?"

"Dunguni." Alinyoosha kidole chenye punje. Katikati ya shamba palisimama jukwaa la miti lenye kipaa cha nyasi, na juu yake mwanamume akigonga debe. "Nyani hawatupi nafasi msimu huu. Lo, wewe umetoka wapi usilijue dungu?"

Niliketi kwenye kizingiti, nikatoa ukurasa uliokunjwa mfukoni. Nikahesabu kwa kidole, tano. Niliandika, na herufi zote zilizokata zikakubali. Fumbo lote lilikuwa limejaa, na katika fumbo lile zima neno moja tu halikutoka kwenye uteo wa Msambweni. Nikamwomba Mama Kadzo mkasi. Nilikata ukurasa. Kwenye mstari wa chini niliandika polepole, kwa herufi kubwa, kama nilivyopanga kunde: milima miwili, milima iliyopinduliwa, na zote zilizobaki mpaka tisa, kisha Omari, kisha duka la Sudi kinyozi, Msambweni. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye vichwa vya mahindi. Debe lilinyamaza, mume wa Mama Kadzo akaja na ufunguo, na mkewe akaleta daftari la wapangaji na kalamu iliyofungwa uzi.

"Andika jina lako hapa," alisema. Nikaandika la kwangu, mahali pake. Aliinama akautazama mwandiko. "Unaandika vizuri. Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la sita," nikamwambia.

Akanipa ufunguo.